Wikiendi Window Rock: nilifuata redio, nikakutana na swali la ukoo

ALHAMISI USIKU, PHOENIX

Nianze na redio maana ndo chanzo cha yote. Mi ni dereva wa masafa, navuta trela, na njia yangu kubwa ni I-40, ile inayokata kaskazini mwa Arizona kwenda New Mexico. Usiku kule mtandao unakatika kilomita na kilomita, nyimbo za kwenye simu umeshazichoka, so nikawa nazungusha tu redio ya AM, na kila nikigusa 660 namkuta jamaa anaongea lugha ambayo sijawahi isikia popote. Anaongea weee, katikati unadaka bei ya matairi kwa Kiingereza, dola sabini na tano, halafu anarudi kwao kama kawaida, anapiga kantri, anarudi tena. Kuna usiku alikuwa anatangaza mechi ya basketi, nikawa nashangilia peke yangu kwenye kebini na sielewi kitu zaidi ya majina ya wachezaji.

Baadaye nikaja kujua hiyo ni KTNN, redio ya Wanavajo, moja ya makabila ya wenyeji asilia wa Marekani, iko hewani toka 1986 na mtambo wake ni wati 50,000, ndo maana usiku inashika mpaka mbali huko. Na inarushwa toka Window Rock, makao makuu yao. Nimepita karibu na huo mji miaka minne na sijawahi kukata kona. Mwaka huu nikamwambia wife, mwanzo wa Septemba wana maonyesho yao makubwa, Navajo Nation Fair, tumchukue binti twende tukaone. Binti ana miaka kumi na moja, jibu lake lilikuwa la Kiingereza kama majibu yake yote siku hizi, kwa ufupi alikuwa anauliza kama kuna intaneti.

Hoteli za Window Rock zimejaa, Gallup zimejaa, nikapata chumba Holbrook, kilomita kama 150 kutoka kwenye maonyesho. Nikaona isiwe tabu, dereva ni mimi. Kumbukeni hili neno Holbrook, litanitokea puani.

IJUMAA

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri. Phoenix joto la tanuri, ila unapanda tu mpaka Flagstaff unakuta misonobari na unatafuta sweta. Pale juu ya mji kuna ile milima, San Francisco Peaks, mita 3,851, mrefu kuliko yote Arizona. Kwa Wanavajo ni mmoja wa milima minne mitakatifu inayozunguka nchi yao, huu wa magharibi, wanauita Dook'o'oosłííd. Upande mmoja kuna watu wanateleza kwenye barafu, na barafu yenyewe wanaitengeneza kwa maji taka yaliyosafishwa. Wanavajo na makabila mengine walienda mahakamani kupinga wakashindwa. Wife akauliza, hivi mtu akimwaga maji ya choo, hata yakisafishwa vipi, pale kwenye mizimu ya Kolelo kwenu Uluguru, atarudi salama? Nikasema hilo swali gumu, tuendelee na safari.

Tukaacha I-40 pale Chambers, tukashika 191 kwenda kaskazini mpaka Ganado. Hapo ndo unaanza kuona ukubwa wa nchi ya hawa watu. Ni kama kilomita za mraba 71,000, imelala kwenye Arizona, New Mexico na Utah, yani piga hesabu ya mkoa mzima wa Morogoro kuanzia Gairo mpaka Malinyi, ndo hiyo. Nyekundu tupu, mawe, vichaka vifupi, nyumba moja huku nyingine kule, na ukiangalia vizuri nyuma ya nyumba kuna hogan, nyumba yao ya asili, ile ya duara yenye pembe pembe, mlango unatazama mashariki jua linakotoka. Na pembeni ya nyumba nyingi kuna pikapu yenye tenki la maji nyuma. Karibu theluthi moja ya kaya hazina maji ya bomba mpaka leo, hapa hapa Marekani.

Ganado kuna duka la zamani linaitwa Hubbell Trading Post, toka 1878. Sakafu ya mbao inalia kila ukikanyaga, kaunta ndefu imeinuliwa juu, nyuma makopo na unga na kamba na vibiriti. Nikacheka peke yangu. Ni duka la Mwarabu la kijijini kabisa! Lile la kukopa sukari ukaandikwa kwenye daftari mpaka mavuno, ila hapa badala ya mahindi walikuwa wanaleta sufu na mazulia na mikufu ya fedha wanaweka rehani. Chumba cha pembeni mazulia yamerundikwa mpaka kiunoni. Yenye nyekundu ile nzito ndo ya Ganado, na yale ya rangi za kondoo wenyewe, kahawia na kijivu na nyeupe bila kutia rangi, ni ya Two Grey Hills, sehemu nyingine ya Wanavajo. Kazulia kadogo sawa na mkeka wa mlangoni bei yake nikarudisha taratibu pale nilipokatoa, si kwa dharau, hapana, ni miezi ya mtu ile, kunyoa kondoo, kuchambua sufu, kusokota, kufuma.

Dada wa pale akamwonesha binti kitu. Kwenye zulia lenye pindo nyeusi kote, kona ya juu kuna uzi mmoja mwembamba wa rangi ya katikati umekata pindo ukatokea nje mpaka ukingoni. Ukiangalia haraka utasema kakosea. Kumbe imewekwa makusudi, ni njia ya kutokea, mfumaji asije akaifungia akili yake ndani ya zulia akashindwa kufuma lingine. Binti akainama akaanza kupekua rundo zima anatafuta nyuzi. Mengine hayana. Simu ikabaki mfukoni robo saa, nikahesabu huo ushindi.

Mchana tukafika Window Rock. Viwanja vya maonyesho, jamani, ni Nane Nane! Ng'ombe, mbuzi, kondoo wa watoto wa shule wamefungwa riboni, maboga makubwa mezani, mabanda ya serikali yanagawa kalamu, vumbi, spika tatu zinagombana. Tofauti ni rodeo, jamaa wanarushwa na mafahali kama magunia, na bia hakuna kabisa, pombe ni marufuku karibu nchi yao yote. Uwanja mzima watu wamekunywa limau na soda na hakuna aliyekosa furaha.

Shindano la Miss Navajo la kuchinja tulishalikosa, lilikuwa mapema wiki. Ndio, kuchinja. Hawa warembo wao hawavai nguo za kuogelea. Toka 1952 anatafutwa binti anayekijua Kinavajo na mila zake, na siku hizi mmoja wa mitihani ni kuchinja kondoo, kuchuna na kukata, mbele ya majaji na umati, wamevaa sketi ndefu na vito vyao vya feruzi. Natamani sana hili lingefika kwetu, hapo ndo tungejua nani mrembo.

Tukala kondoo wa kuchoma ndani ya frybread, ni kama chapati imejaribu kuwa andazi, imeumuka, ya moto, mafuta yanatiririka mpaka kiwiko. Tamu haswa. Halafu unasikia historia yake inakukwama kooni kidogo. 1864 jeshi la Marekani liliwachomea mashamba na mipichi yao, likawaswaga kwa miguu zaidi ya kilomita 400 mpaka Bosque Redondo kule New Mexico, wao wanapaita Hwéeldi. Maelfu walifungiwa pale na zaidi ya 2,000 walifia huko. Hakuna mahindi, hakuna kondoo wao, wanapewa unga mweupe na mafuta, ndo chapati hii ikazaliwa. Tarehe 1 Juni 1868 wakasaini mkataba wakaruhusiwa kurudi kwao. Sasa leo wengine wanasema hiki chakula ni cha utumwa na kisukari juu, tukiache, wengine wanasema bibi zetu walipona kwa hiki. Foleni ilikuwa ndefu vilevile.

Jioni wife akasema mbona saa yangu inasema saa moja na nusu na jua ndo kwanza linazama? Nikamjibu milimani ndo kulivyo. Dereva mzoefu huyo anajibu. Tukarudi Holbrook taratibu, farasi wanazurura barabarani usiku kama mbuzi wa Dumila.

JUMAMOSI

Siku ya gwaride. Linaanza saa mbili asubuhi. Nikatega alamu, saa kumi na moja na nusu tumeondoka, saa moja kamili kwa saa ya gari tunaingia, nimetulia, najisifu. Polisi kafunga barabara. Namwuliza gwaride si bado, ananiangalia kama mgonjwa, ngoma zinasikika kabisa. Kumbe! Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, lakini Wanavajo wanabadilisha, so ukivuka mpaka wao ukiwa ndani ya Arizona hiyo hiyo umepoteza saa nzima. Na Wahopi, kabila lingine, ambao nchi yao iko katikati ya Wanavajo kama kiini cha yai, hawabadilishi! Mie nilielezwa saa mbili, nikaigeuza toka saa nane ya Kizungu, nikasahau kuuliza saa mbili ya nani. Wife hakusema kitu. Ukimya wake ulikuwa wa kilomita mbili, tumetembea kwa miguu.

Pembeni ya barabara ya 264 familia zimelala hapo toka jana, pikapu zimerudishwa kinyumenyume, nyuma kumewekwa makochi, ndio makochi ya sebuleni, mablanketi, majiko. Hakuna pa kusimama. Bibi mmoja kwenye kiti cha kukunja, kavaa blauzi ya mahameli ya zambarau na mkufu wa feruzi mzito kama mnyororo wa nanga, akatupungia mkono, akamsogeza mjukuu wake, akampa binti ndoo aikalie. Nikamwamkia Yá'át'ééh niliyoipata redioni. Akacheka mpaka akafuta machozi, nadhani nilitamka kitu kingine kabisa.

Gwaride ni refu sijaona. Farasi, bendi za shule, mamisi wa kila kijiji na taji la fedha juu ya farasi, wanasiasa wanarusha peremende (wanasiasa ni walewale dunia nzima), matrekta, maveterani. Wanajeshi wakipita watu wote wanasimama, hata yule bibi alisimama akishika mlango wa pikapu. Wale waliotuma ujumbe wa siri kwa Kinavajo kwenye vita ya pili ya dunia, wenyewe waliobaki hai ni wa kuhesabu kwenye vidole vya mkono mmoja, siku hizi wanapita watoto na wajukuu wameshika picha.

Kati ya farasi na farasi bibi akauliza sisi ni nani. Nikasema Watanzania. Akasema hapana, hiyo ni nchi, ninyi ni NANI. Mjukuu, kijana wa kama miaka ishirini, akafafanua. Kwao ukijitambulisha unataja koo nne, kwanza ya mama yako ambayo ndo yako mwenyewe, pili ya baba, tatu ya babu mzaa mama, nne ya babu mzaa baba. Hapo mtu anajua kama wewe ni ndugu yake, mjomba wake, au ni mtu ambaye hamwezi kuoana.

Nikasikia kitu kimenigonga kifuani bana. Mimi ni Mluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba linapita kwa mama, mjomba ndo mwenye sauti. Toka nimeingia nchi hii sijawahi kuulizwa kitu ambacho jibu lake nilikuwa nalo toka utotoni. Nikataja ukoo wa mama. Bibi akaurudia, taratibu, kama anauonja. Nikataja wa baba. Halafu nikakwama. Wa tatu sina, wa nne sina. Mtu mzima, ndevu zina mvi, nimesimama hapo kama mwanafunzi aliyekariri nusu.

Binti akauliza, kwa Kiswahili safari hii maana alitaka bibi asisikie, "Baba, mimi je?" Na hapo ndo penye kazi. Mama yake ni Mchaga wa Machame, kwao mtoto ni wa baba. Kwangu mtoto ni wa mama. So kwangu ni wao, kwao ni wetu, na mtoto mwenyewe kaanguka katikati na peremende zake. Nikamweleza bibi, akafikiri kidogo tu, akasema hilo halina shida, kwetu mama akiwa wa taifa lingine tunalitaja taifa lake kwenye nafasi ya ukoo, yeye ataanza na hao watu wa mama yake. Mjukuu akadakia kwamba watu weusi kwa lugha yao ni Naakaii Łizhinii, kama vile Wameksiko weusi, akaona aibu kidogo, nikamwambia usijali, kwetu kila mweupe ni Mzungu hata akiwa Mrusi.

Halafu akaanza kumfundisha binti. Shimá, mama yangu. Nimá, mama yako. Bimá, mama yake. Binti akanyamaza sekunde mbili akasema, "Mamangu, mamako, mamake!" Wao wanabandika mbele sisi nyuma. Wakawa wanapigana hivyo kama mpira, shimá mamangu, bimá mamake, mpaka bibi akaingilia kumsahihisha mjukuu wake matamshi. Ndo nikajua. Huyu kijana naye anaelewa kila kitu bibi akisema, ila anamjibu kwa Kiingereza. Bibi akaniangalia, akamwangalia binti, akanyanyua bega moja. Sikuwa na la kuongeza.

Mchana mvua ikapiga ya nusu saa, uwanja ukawa tope jekundu, kiatu changu kimoja kilibaki chini mguu ukaja juu. Tukajificha kwenye hema la powwow, ngoma kubwa na manyoya, inapendeza ila jirani yangu wa kwenye benchi akasema hii tumeazima kwa makabila ya nyanda za huko kaskazini, ngoja uone yetu jioni.

Yao inaitwa song and dance. Hakuna kuruka. Waimbaji wamekaa na ngoma, sauti nyembamba inapanda na kushuka, na watu wawili wawili wameshikana mikono wanazunguka uwanja kwa hatua ndogo ndogo, namba mgongoni, majaji wanaangalia kama mguu na ngoma vinaenda pamoja. Wazee wa miaka themanini, watoto wa miaka mitano, viatu vya ngozi, moccasin, vya rangi ya udongo, mkanda wa fedha. Ni kama kuwaangalia watu wanaotembea nyumbani. Kwa mila mwanamke ndo anachagua mwanaume. Wakafungua mzunguko wa kila mtu, wife, ambaye hajaongea nami vizuri toka asubuhi, akanishika mkono akanivuta. Nina kiatu kimoja cha tope. Tulizunguka mara tatu, kisha akasema, "Saa ngapi sasa?" Akacheka. Nimesamehewa.

JUMAPILI

Asubuhi hii nilifika saa nzima kabla, kwa kiburi.

Window Rock yenyewe, lile jiwe, ni ukuta wa mawe mekundu na tundu la duara katikati linaona mbingu. Tségháhoodzání. Chini yake kuna kumbukumbu ya maveterani na sanamu la askari kapiga goti na redio mgongoni. 1942 jeshi la wanamaji la Marekani, Marines, liliwachukua vijana 29 wa kwanza wakatengeneza msimbo kwa Kinavajo, mwishoni walifika kama 400, Wajapani hawakuuvunja mpaka vita inaisha. Na siri ikafungwa mpaka 1968, mtu karudi nyumbani hawezi kumwambia hata mkewe alifanya nini. Maneno ya kisasa hawakuwa nayo, wakabuni. Nyambizi ikawa samaki wa chuma. Bomu la mkono ni nimasi, yani kiazi. Kile cha vita tunachoita kifaru, wao wakakiita kobe. Binti akabisha kwamba kobe inafaa zaidi, ina gamba na inaenda taratibu, nikatetea kifaru, tukabishana Kiswahili kitupu dakika kumi nikawa naogopa kupumua asije akashtuka.

Sikumwambia palepale, nilimwambia kwenye gari. Wengi wa wale vijana shuleni walikuwa wanachapwa, wengine wanaoshwa mdomo kwa sabuni, wakikutwa wanaongea hiyohiyo lugha. Nikamwambia na mimi sekondari nilivalishwa kipande cha mbao shingoni kwa kuongea Kiswahili, na shule ya msingi ilikuwa ukiongea Kiluguru unachekwa. Akauliza kile kibao kilikuwa kizito? Nikasema kiasi. Akauliza kwa hiyo Kiluguru unakijua? Nikasema kiasi.

Tulipofika Chambers nikajaza mafuta, hesabu ya saa nikaipiga mara tatu, ya huku, ya Wanavajo, ya nyumbani, nikapata Morogoro ni saa mbili na nusu usiku, bi mkubwa atakuwa macho. Nikampigia, spika wazi. Nikamwambia mama nataka koo nne. Kimya. Akauliza nani kafa. Nikasema hakuna, kuna bibi mmoja kaniuliza huku. Akasema huyo bibi ana akili. Binti akatoa kalamu ya banda la serikali, akageuza mfuko wa karatasi wa peremende, akaandika namba moja mpaka nne. Ya kwanza na ya pili nikataja mwenyewe, bi mkubwa akanisahihisha ya pili. Ya tatu akaitoa moja kwa moja kama anasoma, na hadithi juu, mtandao ukawa unakata tunaitwa tena. Binti akasema, "Shikamoo bibi, na mimi ni wa wapi?" Akajibiwa wewe ni wa mama yako mwanangu, kwetu mtoto wa mama. Wife mbele akanong'ona, kwetu watasema wa baba, akaminywa mguu.

Ya nne bi mkubwa hana uhakika. Kuna mzee mmoja kule Mgeta ndo anajua, siku ya gulio atapanda akamuulize. Binti akaweka nukta mbele ya namba 4, akaacha nafasi, akakunja ule mfuko akaurudishia peremende ndani.